Oili ya Mguu wa Mashine Ikigeuka Maziwa

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Hapa barabara yetu ya kwanza ni maji. Anayekwenda ofisini au sokoni huvuka kwanza mpaka Chokocho, kisha ndipo apande gari. Mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu, naye huvushwa kwa boti, halafu hupelekwa Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Kwa hiyo mashine ya boti ikifa katikati ya mkondo, si mvuvi peke yake anayepata hasara.

Mashine hufa kwa sababu nyingi. Leo tutazungumza sababu moja tu, nayo hutokana na kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kitu hicho ni gasketi ya skrubu ya oili. Wengine huiita washa.

Tuanze na gari, kwa sababu wengi tumeliona. Chini ya injini ya gari kuna bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu. Humo ndimo inamokaa oili. Kati ya bakuli na injini kuna gasketi, yaani ukanda mwembamba wa mpira, wa kizibo au wa karatasi ngumu, unaobanwa na vyuma viwili ili oili isipite. Chuma kwa chuma, hata vikichongwa vizuri namna gani, huacha nafasi ndogo ndogo. Gasketi huziba nafasi hizo. Ikikauka, ikipasuka au ikikazwa kupita kiasi, oili huvuja. Dereva aliyelaza gari lake Chokocho huamka akaona doa jeusi mchangani. Doa lile ni kama barua. Linamwambia kuwa oili inapungua.

Mashine ya boti nayo ina oili chini, ndani ya mguu, pale penye meno ya gia yanayozungusha pangaboi. Lakini mguu huo umo majini. Ukivuja, hakuna doa wala barua. Oili hutoka kidogo kidogo ikaenda na maji, na maji ya chumvi huingia mahali pake. Mwenye boti haoni kitu. Mashine inalia vizuri na boti inakwenda, mpaka siku beringi ikwame au meno ya gia yavunjike. Hapo kelele husikika, lakini wakati umekwisha pita.

MAJI HUINGIAJE?

Watu wengi huuliza: "Mbona mashine inazunguka kwa nguvu, maji yatapata wapi njia?" Jibu lake ni joto. Mashine ikifanya kazi, oili na hewa iliyomo ndani ya mguu hupata moto. Hewa yenye moto hutanuka. Ukizima mashine na mguu ukabaki baharini, hupoa upesi, na hewa ile hunywea. Ikinywea hufyonza, kama mtoto anavyofyonza maji ya dafu kwa mrija. Gasketi isipoziba vizuri, kinachofyonzwa ni maji ya bahari. Leo tone mbili, kesho tone tatu.

Oili na maji vikisagwa pamoja na gia hugeuka kitu cheupe, kama chai ya maziwa. Kitu hicho hakina tena utelezi wa oili, na chumvi iliyomo hula chuma. Gia za mguu ni ghali, na mara nyingi hazipatikani karibu. Gasketi mbili za skrubu bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gia hizo.

OILI IPI?

Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Mashine nyingi za pwani yetu petroli yake huchanganywa na oili. Oili hiyo ni ya kuchoma pamoja na petroli. Haifai kutiwa katika mguu. Oili ya mguu ni oili ya gia, nayo ni nzito zaidi. Hebu soma chupa kabla ya kutoa fedha yako. Kampuni ya Yamaha, kwa mfano, huagiza oili ya gia iliyoandikwa SAE 90. Utaona pia herufi GL na tarakimu, kama GL-4. Kama mashine yako ni ya kampuni nyingine, fuata kitabu chake. Mwenye duka akikwambia, "Chukua hii, zote ni sawa," mwonyeshe maandishi.

Mashine ya farasi 15 hunywa kama robo lita tu. Ya farasi 40 haifiki nusu lita. Basi chupa ya lita moja yaweza kuhudumia zaidi ya boti moja, na wavuvi wawili au watatu wanaweza kuchanga.

KAZI YENYEWE

Vuta boti pwani maji yakipwa, au fungua mashine uifunge kwenye gogo imara nyumbani. Mguu usimame wima. Kama inawezekana, iache hivyo usiku kucha bila kuiwasha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajachanganyika yatashuka chini, na asubuhi utayaona kwanza.

Ubavuni mwa mguu kuna skrubu mbili kubwa. Moja iko chini kabisa, karibu na ncha. Ya pili iko juu yake, karibu na lile bapa pana lililo juu ya pangaboi. Fungua hizo tu. Skrubu nyingine usiziguse, maana nyingine hushika vitu vya ndani ambavyo vikianguka hutaweza kuvirudisha.

Tumia bisibisi pana inayojaa katika mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba hula mfereji, na mfereji ukiliwa, kazi ya dakika 20 huwa kazi ya siku nzima na ya fundi. Skrubu ikikataa, weka bisibisi, gonga mpini wake polepole kwa nyundo mara mbili tatu, kisha jaribu tena.

Weka bakuli chini. Fungua skrubu ya chini kwanza, taratibu, ukitazama kitakachotangulia. Kisha fungua ya juu, hewa iingie na oili ishuke yote. Sasa tazama rangi mchana kweupe. Oili nyeusi au ya kahawia iliyo safi haina neno, ni uchakavu wa kawaida. Oili nyeupe ina maji. Yakitangulia maji matupu, basi yameingia mengi. Tazama na skrubu ya chini. Katika mashine nyingi ina sumaku nchani. Ukikuta tope laini la kijivu, lifute. Lakini ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, gia imeanza kuvunjika. Usiende nayo baharini, mwite fundi.

Sasa gasketi. Kila skrubu ina gasketi moja, kipete chembamba kilicho chini ya kichwa chake. Gasketi ya zamani mara nyingi haitoki na skrubu. Hubaki imeganda tunduni, nawe ukadhani haikuwamo. Ichokoe kwa mti uliochongwa, si kwa msumari, ili usikwaruze chuma. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, zote mbili hazitaziba. Kosa hili ni dogo na hutokea sana.

Futa tundu na skrubu kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu kazi yote, na pwani kwetu mchanga hauna haya.

Oili mpya hutiwa kwa tundu la CHINI, si la juu. Ukitia kwa juu, hewa hunaswa ndani, nawe utadhani mguu umejaa kumbe nusu ni hewa. Tumia chupa laini yenye mdomo mrefu, au pampu ndogo ya mkono. Sukuma oili polepole mpaka ianze kutoka tundu la juu bila mapovu. Hapo, chupa ikiwa bado chini, funga skrubu ya juu na gasketi yake mpya. Ukikwisha, toa chupa na ufunge skrubu ya chini kwa haraka. Tundu la juu likiwa limefungwa, oili haitamwagika nyingi. Kazi hii yataka watu wawili. Mtoto wa shule anafaa sana kushika skrubu na gasketi zisianguke mchangani.

Kaza mpaka ikae imara, kisha basi. Skrubu hizi hazikazwi kwa nguvu za kung'oa mhogo. Ukizidisha, gasketi hubonyea ikakatika, au nyuzi za mguu, ambao si chuma kigumu, zikaliwa.

Kama oili ya zamani ilikuwa nyeupe, tia mpya, endesha mashine muda mfupi, kisha imwage hiyo na utie nyingine. Oili ya kwanza imesafisha tu. Inauma mfukoni, najua, lakini maji yaliyobaki katika beringi hayatoki kwa njia nyingine nyumbani.

YASIYOFAA

Tumeona skrubu zilizozibwa kwa uzi, kwa sabuni, na kwa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli. Tyubu ndiyo inayodanganya zaidi. Siku ya kwanza huziba. Lakini mpira ule ukikaa katika oili huvimba, ukawa laini, ukatoka mahali pake. Gasketi ya mashine imetengenezwa kwa kitu kisichoharibiwa na oili. Wala usirudishe gasketi iliyokwisha tumika ati kwa kuwa bado inang'aa. Ikibanwa mara moja hulala, haiinuki tena.

KAMA MAJI YANAINGIA TENA

Baada ya wiki moja ya kazi, legeza kidogo skrubu ya chini, pokea matone mawili matatu kidoleni, kisha ikaze. Gasketi ikichanika kwa kulegezwa, weka nyingine. Kwa hiyo nunua nne, si mbili. Oili ikiwa safi, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe tena, basi kosa haliko kwenye skrubu. Mara nyingi liko kwenye sili, ule mpira unaozunguka mti wa pangaboi.

Sili huumizwa na nini? Kwetu, mara nyingi ni mshipi na nyuzi za nyavu. Uzi ukinaswa na pangaboi hujizungusha nyuma yake, hujikaza, hupenya mpaka kwenye sili na kuikata. Fungua pangaboi mara kwa mara, hasa baada ya kupita juu ya nyavu, uondoe kila uzi unaouona. Hilo laweza kufanywa na kila mtu. Kubadili sili yenyewe kunahitaji zana maalumu, na kunafaa kufanywa na fundi. Mwambie ulichokwisha fanya na rangi uliyoiona, usimwachie abahatishe.

Yamaha hutaka oili ya mguu ibadilishwe baada ya saa 10 za kwanza za mashine mpya, na baadaye kila saa 100 au kila miezi 6. Boti ikitembea saa 2 kwa siku, saa 100 hutimia kwa siku 50. Chukua daftari. Andika tarehe, saa ilizotembea, na rangi ya oili uliyomwaga. Hata boti ikiwa ya kikundi, daftari liwe moja na likae na nahodha. Anayepokea zamu asome kwanza.

Oili chafu usiimwage pwani wala mikokoni. Wananchi wa Kisiwa Panza wamewahi kufunga sehemu za miamba ili pweza wakue. Oili humwagika mahali pamoja lakini hupelekwa na maji kila mahali. Itie katika dumu lenye kifuniko, ulifikishe kwenye karakana ya magari. Mikono ioshe kwa sabuni, maana oili iliyotumika ina sumu inayopita kwenye ngozi.

Ukienda Mkoani au Chake Chake kununua gasketi, chukua za zamani katika karatasi. Andika pia jina la mashine na namba zilizo kwenye kibandiko, upande wa kushoto wa kile kibano kinachoishika boti. Nakili kila herufi na kila tarakimu kama ilivyo. Sifuri na herufi O hufanana sana, basi zitazame mara mbili kabla hujapanda boti.