KAZI NDOGO ZA MIKONO WAKATI WA LIKIZO

Likizo ya mwezi wa Juni imekaribia. Shule zitafungwa, na watoto watakuwa nyumbani tangu asubuhi hata jioni. Walimu watapumzika kidogo, lakini mama wengi wataanza kuugua. Twawasikia kila mwaka wakisema, "Watoto hawa wamenimaliza, laiti shule zingefunguliwa kesho." Twaijua taabu yao, kwa maana sisi nasi tu wazazi, na nyumba yetu haina utulivu kupita nyingine. Lakini mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo liwezalo kuigeuza likizo kuwa baraka, yaani kazi za mikono wazifanyazo watoto wadogo pamoja na wazazi wao. Tena hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe katika jambo hilo, ili wengine wasilirudie.

Mtu asidhani kwamba hizi ni kazi za upuuzi. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli, mwana wa Uri, ambaye Mungu alimpa ujuzi wa kazi za dhahabu, za mawe na za miti, ili hema ya kukutania ipate kupambwa. Dorkasi wa Yafa alikumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane. Mtume Paulo alishona hema, na Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala na watu wa mji wake. Basi ustadi wa mikono ni kipawa cha Mungu, nacho chahitaji kulelewa tangu utotoni.

Alikuwako mtu mmoja katika nchi ya Ujerumani aliyelifahamu sana jambo hili. Jina lake Friedrich Fröbel, naye alizaliwa mwaka 1782, mwana wa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa kabla yeye hajatimiza mwaka mmoja, akakua katika upweke. Alipokuwa mtu mzima alijitoa kuwatumikia watoto wadogo. Mwaka 1837 alifungua nyumba ya kuwafundisha katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaiita kazi yake kwa neno la Kijerumani lenye maana ya "bustani ya watoto". Aliwapa mipira ya sufu yenye rangi mbalimbali, na vipande vya mti. Akawafundisha kufinyanga, kusuka karatasi na kushona. Serikali ya Prussia ilizikataza shule zake mwaka 1851, naye akafa mwaka 1852 kabla ya katazo lile kuondolewa mwaka 1860. Hata hivyo kazi yake haikufa; shule za watoto wadogo zimeenea ulimwenguni mwote. Fröbel aliona ya kuwa mtoto achezapo kwa mikono yake hapotezi wakati, bali anajifunza.

Sisi hatuna haja ya kununua vitu vingi. Vya kutosha viko uani na shambani.

Kwanza, udongo. Chukueni udongo wa mfinyanzi, mwutwange, mwondoe mawe na mizizi. Tieni maji kidogo kidogo, mkaukande kama unga wa maandazi mpaka usigande tena mikononi. Ufunikeni kwa kitambaa chenye maji usiku mmoja. Asubuhi mpeni kila mtoto donge lake, afanye ng'ombe, au chungu, au nyumba, apendavyo. Vitu vyake vikaushwe kivulini, si juani. Maana jua hukausha nje upesi hali ndani mngali na maji, na chombo hupasuka. Tena, mkitaka kuvichoma motoni, ngojeni siku nyingi mpaka vikauke kabisa, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kukivunja chombo.

Pili, kusuka. Mtoto wa miaka mitano au sita aweza kuanza kwa nyuzi tatu tu, za ukindu au za maganda makavu ya mgomba. Zilowesheni kidogo zisikatike. Fungeni ncha zake kwenye mguu wa kiti, ili mtoto awe na mikono miwili ya kufanyia kazi. Uzi mmoja ukichemshwa katika maji ya manjano utapata rangi, na mtoto ataona upesi uzi upi wapita juu na upi wapita chini. Akikwisha kuzoea, mpelekeni kwa bibi yake ajifunze ukili wa nyuzi nyingi. Wako bibi wengi waujuao ustadi huu, nao wamekaa bila mtu wa kuwauliza.

Tatu, mbegu. Mbegu za maboga zikioshwa na kuloweshwa, sindano hupita bila shida, na mtoto aweza kutunga mkufu. Lakini jihadharini sana! Msitumie zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, wala mbegu za mbarika. Ni nzuri kwa macho, lakini zina sumu iwezayo kuua. Wala msimwachie mtoto mchanga mbegu yo yote, maana aweza kuisakama.

Sasa tuseme habari ya kosa letu. Likizo moja binti yetu wa miaka sita alikuwa akisuka ukili mfupi, ashone kitanga kidogo cha kumpelekea bibi yake. Alishughulika siku nne. Ukili ulikuwa umepinda. Mahali pengine ulikuwa mpana, mahali pengine mwembamba. Nasi tukaona haya, tukasema, "Bibi atasemaje juu yetu?" Usiku, mtoto alipokwisha kulala, tukaufumua, tukausuka upya, ukanyoka vizuri. Tulidhani tumemfanyia wema.

Asubuhi akautazama, akaugeuza huku na huku. Akauliza, "Wangu uko wapi?" Tukajibu, "Ndio huo, mwanangu." Akasema, "Huu si wangu." Hakulia. Akauweka juu ya meza, akatoka nje, na kwa siku tatu hakugusa ukindu.

Siku ya tatu jioni, baada ya sala, tulimwita tukamwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mzazi kumwomba mtoto radhi, lakini yatupasa, maana tulikuwa tumemnyang'anya kitu chake na kuweka chetu mahali pake. Kesho yake akaanza ukili mwingine. Huo nao ulipinda, wala hatukuugusa. Tulipofika kwa bibi, mtoto alimwamkia, akampa kitanga kwa mikono miwili. Bibi akakipapasa mpaka kidole chake kikafika pale palipopinda. Akasema, "Hapa ndipo ulipochoka, mjukuu wangu." Mtoto akaitikia, "Ndiyo, bibi. Halafu nikaendelea." Hata leo bibi yule huweka kikombe chake juu ya kitanga kile.

Tangu siku ile tumelifahamu neno hili: kazi ya likizo si kupata kitanga kizuri, maana vitanga vizuri vyauzwa sokoni. Kazi ni kumpata mtoto ajuaye kuanza jambo, kuchoka, na kuendelea. Mzazi akiimaliza kazi mahali pa mtoto, amempa kitanga na kumnyima hilo lililo bora.

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Wengi wetu hulitumia neno hili tunapotaka kushika fimbo. Lakini mwulizeni mfinyanzi, naye atawaambia kwamba udongo ulio maji hautengenezwi kwa kupigwa wakati wote. Hutengenezwa kwa kiganja kitulivu, na kwa kungoja.

Basi twawashauri mambo machache. Wakati usiwe mrefu. Nusu saa yatosha kwa mtoto mdogo. Wavulana na wasichana wafanye kazi zote sawasawa. Msiilinganishe kazi ya mtoto na ya ndugu yake. Mtoto akikosea, mwonyesheni kwa ukindu wenu wenyewe, si kwa wake. Na baba asiseme, "Hiyo ni kazi ya mama". Aketi naye mkekani, afinyange ng'ombe wake. Nanyi walimu, shule zikifunguliwa waambieni watoto walete walivyovifanya, mviweke mahali pa kuonekana, vilivyonyoka na vilivyopinda pamoja.

Mungu, aliyemfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, azibariki nyumba zenu katika likizo hii, na mikono yote midogo iliyomo ndani yake.