Nyumba za mawe za Lamu: kwa nini saruji si dawa yake

Pita vichochoro vya Mkomani baada ya mvua za masika. Utaona kuta mbili zinazopakana, hali zao mbalimbali. Ukuta wa kwanza umepigwa chokaa. Umelowa, lakini siku chache za jua zitaukausha. Wa pili umepigwa saruji. Rangi imevimba, chumvi imetoka kama unga, na plasta inabanduka vipande vipande. Na huenda mwenye ukuta wa pili ndiye aliyetumia pesa nyingi zaidi. Jambo hili wengi wetu hatulielewi, na linatupotezea nyumba.

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta zake ni nene, kama nusu mita. Jiwe la tumbawe lina matundu, kwa hiyo hunyonya maji ya ardhini na chumvi ya bahari. Chokaa huuacha ukuta upumue: unyevu unaingia, kisha unatoka. Saruji ni ngumu na huziba. Unyevu ukikosa njia ya kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na chumvi inapoganda nyuma ya plasta hulisukuma jiwe mpaka likapukutika.

Kisha kuna boriti. Wazee walitumia miti ya mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana misana na ndani za nyumba zetu ni virefu lakini vyembamba. Ncha za boriti hukaa ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na maji, boriti huoza pale pale nchani, mahali pasipoonekana. Wewe unatazama dari unaona zima, kumbe linashikiliwa na kitu kilichokwisha. Na dari lenyewe ni zito, kwani juu ya boriti kuna mawe na chokaa. Mtu akiongeza tabaka la saruji kuzuia mvua, au akapandisha ghorofa nyingine, anaitwika nyumba mzigo isioweza kuubeba.

Kwa ufupi, nyumba ya mawe huanza kufa kwa juu. Ufa mdogo wa dari huingiza maji, maji huozesha boriti, boriti huvunjika, na ukuta uliobaki bila kifuniko huoshwa udongo wake mvua baada ya mvua mpaka ukalala. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi hiyo si methali tu, ni maelezo ya kazi.

Kwa hiyo fanya haya. Kabla ya masika, panda juu ukague dari na njia za maji. Mche ulioota ukutani ung'oe ungali mdogo, kabla mizizi haijapasua mawe. Palipobanduka, ziba kwa chokaa. Boriti mbovu zibadilishwe moja moja huku dari limeegemezwa vizuri, si kubomoa chumba kizima.

Jambo jingine ni sheria. UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Kenya ina sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Nyumba inayolindwa haibomolewi wala haibadilishwi bila idhini. Kabla hujamwita fundi, nenda kaulize Makavazi ya Kitaifa. Ushauri unaopata mapema ni nafuu kuliko amri ya kusimamisha kazi.

Wapo wanaolalamika kwamba sheria inawafunga mikono bila kuwatilia kitu mfukoni. Malalamiko yao yana uzito. Chokaa chahitaji kuni nyingi za kuchomea matumbawe, mikoko haikatwi bila leseni, na mafundi wanaoijua kazi hii wanazeeka. Anayemtaka mwananchi alinde urithi wa dunia nzima anapaswa kumsaidia kupata boriti, chokaa na fundi. Serikali ya kaunti ingeanza kwa kuwaweka vijana chini ya mafundi wazee, kazi ikiwa bado ina wa kuifundisha.

Lakini sehemu nyingine ni yetu wenyewe. Nyumba nyingi ni za urithi: ndugu saba, mmoja yuko Mombasa, mwingine Arabuni, na kila mmoja anangoja mwenzake atengeneze. Dari likishaanguka huja mnunuzi, na nyumba huuzwa kwa bei ya magofu. Kuuza ni haki ya mwenye mali. Ila ndugu hao wangekaa pamoja mara moja kwa mwaka, kila mmoja akatoa kidogo cha kuziba dari, wangekuwa na la kuchagua. Wakisubiri mpaka boriti zivunjike, mvua itakuwa imeshawachagulia.