VITA YA VIJANA MU KOLWEZI, 1992–1993



Wazee wanasema juu ya mwaka wa kufukuzana, lakini wengi wetu hatujui ilitokea namna gani. Tueleze kidogo.

Kwanza, watu wa Kasai hawakuja huku kuiba kazi. Union Minière ilikosa wafanyakazi, ikaenda kuwatafuta kwao. Reli ilipofika Port-Francqui (leo Ilebo) mwaka 1928, safari ikawa nyepesi. Watoto wakazaliwa mu kambi za kampani, wakasema Kiswahili sawa siye.

Pili, njaa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Mwenye kukosa mshahara anatafuta wa kulaumu.

Tatu, siasa. Mwaka 1991 UFERI ya Nguza Karl-i-Bond na UDPS ya Étienne Tshisekedi walikuwa pamoja kumpinga Mobutu. Novemba Mobutu akamfanya Nguza waziri mkuu, na umoja ukavunjika. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ya Taifa ikamchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai. Basi vijana wa UFERI, ni kusema JUFERI, wakaanza kupiga watu na kuchoma nyumba mu Likasi. Gavana Kyungu wa Kumwanza, wa chama kilekile, aliwaita Wakasai "bilulu", wadudu. Machi 1993 moto ukafika Kolwezi. Familia zikakimbilia kituo cha treni na mashule. Wengi, watoto hasa, wakafa kwa magonjwa wakingojea treni. Makumi ya maelfu wakaenda Kasai, wengine hawajaiona hata siku moja.

Je, ni kabila tu? Hapana. Mu Chongqing, China, mwaka 1967, makundi mawili ya vijana na wafanyakazi walipigana kwa bunduki na mizinga, na wote waliapa kumtii Mao. Kabila halikuwa shida yao. Njo maana tuangalie mambo matatu: njaa, wakubwa wanaogombania kiti, na jina baya la jirani.

Njaa na wakubwa hatuviwezi. Jina tunaliweza. Mu mabweni neno "bilulu" lingali linatajwa kwa mchezo. Anayelisikia asicheke.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho