Hata Mita Ipige Hodi

Watu wa Unguja hawajalisahau giza lililoanza Disemba 2009 na kwisha Machi 2010, pale njia ya umeme itokayo Tanzania Bara ilipoharibika. Pampu zilisimama na maji yakakatika, samaki wakaoza ndani ya majokofu, na kelele za majenereta zikatawala vichochoro vya Mji Mkongwe. Hata hivyo giza lile lilikuwa na faraja moja: lilikuwa la wote. Aliyekuwa na jenereta alimchajia jirani simu, na aliyekuwa na kisima alimpa mwenziwe ndoo. Lipo giza jingine, la nyumba moja peke yake, ambalo jirani halijui wala redio hailitangazi. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa katika nchi za wenzetu limepata chombo kipya cha kulileta.

Chombo hicho ni mita inayowasiliana na ofisi ya muuzaji umeme bila ya mtu kutumwa kuisoma. Wengine wameipa jina la mita janja. Jina hilo hatuligombi, ila twakumbusha kwamba katika Kiswahili chetu ujanja ni sifa kwa anayeutumia na ni balaa kwa anayefanyiwa. Mita ya zamani ilikuwa mizani tu, iliyoning'inia ukutani baina ya muuzaji na mnunuzi. Hii mpya yaweza kuandika matumizi ya kila nusu saa na kuyapeleka ofisini, na aghlabu ndani yake mna swichi ambayo afisa aliye mbali aweza kuizima bila ya kuinuka kitini.

Uingereza ndiko somo lilikokomaa. Huko sheria haimlazimishi mwenye nyumba kuipokea mita hiyo, lakini wauzaji umeme wamewekewa idadi ya kutimiza na mdhibiti wao, Ofgem, huwaadhibu wanaopungukiwa. Mgongano huo ulizaa ulichotarajiwa kuzaa. Wateja waliandamwa kwa barua na simu. Wapo walioambiwa kuwa ni lazima, hali si lazima. Na bei nyengine nafuu zikawekwa kwa wenye mita mpya peke yao. Kazi iliyokusudiwa kwisha 2020 ikasogezwa hadi 2025. Mita nyingi za mwanzo zilipoteza mawasiliano mara mteja alipohamia kwa muuzaji mwengine, ujanja wake ukatoweka, zikabaki kusomwa kwa macho kama zile zilizong'olewa.

Februari 2023 gazeti la The Times lilifichua jambo zito zaidi: mawakala wa kampuni ya British Gas walikuwa wakivunja na kuingia katika nyumba za wadaiwa, wakiwamo watu dhaifu, ili kuwafungia mita za kulipa kabla. Ofgem ikazitaka kampuni kuacha, na masharti magumu yakatungwa. Lakini watetezi wa wanunuzi walikuwa wamekwisha kuonya kwamba mwenye mita mpya hahitaji kuvunjiwa mlango. Mita yake hugeuzwa kuwa ya kulipa kabla kwa amri ipitayo hewani, naye aweza kupata habari taa zinapozimika.

Sisi visiwani tumeshazoea kulipa kabla. Mita za Tukuza zimetufundisha kuhesabu yuniti kama tuhesabuvyo kibaba cha mchele, na wengi wanaziona bora kuliko bili ya makisio. Kwa hivyo hatuandiki kama watu waogopao kila kigeni. Wala hatukanushi faida: Shirika la Umeme laweza kujua mara moja ni mtaa gani umekatikiwa, wizi wa umeme waweza kuonekana, na nchi inayotegemea nyaya za baharini ina haki ya kutaka kujua umeme wake unapotelea wapi.

Tunachouliza ni nani atakayeishika swichi, na kwa ruhusa ya nani. Mita ikishakuwa mlango, wengi hutamani kupita. Wenzetu wa Bara tangu Agosti 2021 hulipa kodi ya jengo kwa kukatwa wanaponunua umeme wa LUKU. Huenda ni njia nyepesi ya kukusanya mapato. Lakini mpangaji wa chumba kimoja alijikuta ndiye anayetangulia kuitoa kodi ya mwenye nyumba, kisha amtafute wadaiane. Kilichofungwa ili kipime umeme kimekuwa karani wa hazina.

Tena kuna siri za nyumba. Hesabu ya kila nusu saa hueleza ni lini watu wameamka kula daku, ni lini wamesafiri, na ni lini yuko mgonjwa asiyelala. Hapa kwetu mgeni hata awe ndugu husimama nje akapiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi. Uholanzi, ambako hodi si ada kama kwetu, baraza la juu la bunge liliukataa 2009 mswada wa kumlazimisha kila mtu kuwa na mita ya aina hii, na faragha ya nyumba ndiyo iliyokuwa hoja kubwa. Serikali ikarudi na mpango wa hiari.

Twaiomba basi ZURA, ambayo kisheria ndiyo mdhibiti wa maji na nishati Zanzibar, iandike kanuni kabla ya makontena ya mita hizo kufika bandarini, si baada. Mwenye nyumba apewe karatasi ya Kiswahili inayosema mita itakusanya nini na nani atakayeona. Akikataa, asiadhibiwe kwa bei. Akiishuku hesabu, mita nyengine ifungwe sambamba zipimwe pamoja, na gharama isiwe juu yake mpaka ithibitike kwamba amekosea. Na swichi ile isizimwe kwa deni bila ya ilani kufikishwa mkononi mwa mtu, siku kadhaa kabla, sheha akiwa na habari. Isizimwe usiku, wala siku ya Sikukuu, wala katika nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine au dawa zinazohifadhiwa katika baridi.

Kuhusu mafundi, wasilipwe kwa idadi ya mita walizofunga kwa siku. Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi wanaweza kuliuliza hilo katika kikao kijacho, nasi tutalichapisha jibu watakalopewa.