Kabla ya karatasi, kura ilikuwa gololi

Neno la Kiingereza 'ballot', ambalo leo humaanisha kura au karatasi yake, halikuzaliwa na karatasi hata kidogo. Waingereza walilitwaa katika karne ya 16 kutoka Kiitaliano, 'ballotta', yaani kijimpira, gololi. Shina lake, 'balla', Waitaliano nao walilipata kwa watu wa lugha za Kijerumani waliohamia kaskazini mwa Italia baada ya Roma kuanguka.

Mji uliolipa neno hili maana ya kisiasa ni Venice. Kuanzia mwaka 1268 hadi dola hiyo ilipoangushwa mwaka 1797, mtawala wake, Doge, alipatikana kwa utaratibu unaochosha hata kuusimulia. Wajumbe 30 wa Baraza Kuu walipatikana kwa bahati nasibu, wakapunguzwa hivyo hivyo hadi 9, hao 9 wakachagua 40, nao 40 wakapunguzwa hadi 12. Waliendelea hivyo, kuchagua na kupunguza, mpaka wakapatikana watu 41, na mgombea alihitaji kura 25 kati yao. Gololi za bahati nasibu zilichotwa na mtoto wa kiume aliyeokotwa siku hiyo nje ya kanisa la Mtakatifu Marko. Koo tajiri zilijua kununua watu. Zilishindwa kujua wa kumnunua.

Hata gololi zenyewe zilifikiriwa. Za kupigia kura zilitengenezwa kwa kitambaa cha kitani ili zinapoangukia chomboni zisitoe sauti, jirani asije akasikia umechagua upande gani.

Waathene walikuwa wamelijua jambo hilo karne nyingi kabla. Neno lao la kura lilikuwa 'psephos', kokoto. Katika mahakama zao za karne ya 4 kabla ya Kristo, kila mzee wa baraza alipewa visahani viwili vya shaba vyenye kijiti katikati, kimoja cha mrija mtupu na kingine kilichoziba. Ukivishika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, hakuna awezaye kuona unachotumbukiza.

Uingereza ilichukua neno, ikaiacha siri yake. Kwa karne tatu mpiga kura wa Bunge alitaja mgombea wake hadharani, karani akaandika, na mwenye shamba aliyempangisha akasikia. Mpangaji aliyekosea jina aliweza kulala bila nyumba. Wanaharakati wa Chartist waliidai kura ya siri tangu mwaka 1838, lakini makoloni ya Australia, Victoria na South Australia, ndiyo yaliyotangulia mwaka 1856. Waingereza wakafuata mwaka 1872, kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mdogo wa Pontefract. Kufikia hapo gololi ilikwisha kuwa karatasi.

Lakini haikufa. Nchini Gambia, tangu miaka ya 1960, mpiga kura hupewa gololi ya kioo na kuingia peke yake penye mapipa yaliyopakwa rangi za wagombea. Huitumbukiza kwenye bomba la pipa alitakalo, nayo hugonga kengele ndani. Mlio mmoja, mtu amepiga kura; miwili, kuna wizi. Ndiyo maana baiskeli zenye kengele hukatazwa karibu na kituo. Mwaka 2021 Wagambia walimchagua rais kwa gololi hizo hizo.

Sisi tulipita njia nyingine. 'Kura' ni Kiarabu, 'qur'a', bahati nasibu, na maana hiyo bado tunayo: askari waliyapigia kura mavazi ya Yesu, na watoto hupiga kura nani aanze mchezo. Venice ilitumia vyote viwili, nasibu na hiari. Kiswahili kilianzia kwenye nasibu, na siasa ikaongeza hiari.

Siri, hata hivyo, haimo ndani ya neno. Inalindwa na watu. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, Wakenya walipangwa foleni nyuma ya wagombea au picha zao, mbele ya machifu na waajiri wao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri isifanyike kabisa. Utaratibu huo waliuita mlolongo. Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi wala gololi ya kuhesabu upya, zipo sehemu ambako waliokuwa na foleni fupi ndio waliotangazwa washindi, watu wangali wamesimama pale pale.