Nani Anamlipa Saidia Fundi? Utangulizi wa Tafiti za Mishahara ya Ujenzi

Fungua Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya Tanzania ya mwaka 2013, sehemu ya ujenzi. Utakuta mistari mitatu tu. Mkandarasi wa daraja la kwanza alitakiwa kumlipa mfanyakazi wake wa chini kabisa shilingi 325,000 kwa mwezi. Wa daraja la pili hadi la nne, 280,000. Wa daraja la tano hadi la saba, 250,000. Amri hiyo imeshapitwa na wakati. Nyingine ilianza kutumika Januari 2023, na nyingine tena Januari 2026, na viwango vimepanda. Naanza na ya 2013 kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo mgeni wa fani hii ni vizuri alishangae mapema, kabla hajalizoea: kima kimepangwa kwa daraja la mwajiri, wala si kwa kazi ya mikono. Kijana aliyebeba karai la zege kwa kampuni kubwa na mwenzake aliyebeba karai kama hilo kwa mkandarasi wa daraja la saba walitofautiana shilingi 75,000 kwa mwezi, na karai halikuwa jepesi kwa yeyote kati yao.

Karibu basi. Wengi hudhani tafiti za mishahara ni kazi ya makarani: mtu anapita na dodoso, anajaza namba, namba zinajumlishwa Dodoma. Ninayeandika haya nimetumia muda mwingi Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, nikijaribu kujua saidia fundi analipwa nini, na ninachokuahidi ni kwamba ugumu hauko kwenye kujumlisha. Uko kwenye swali linalotangulia namba zote: nani umuulize? Mwajiri, mfanyakazi, au aliye katikati yao?

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko swali hili limepigiwa kelele kwa muda mrefu zaidi. Sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931 inamtaka mkandarasi wa mradi wa serikali kuu alipe mshahara unaotawala katika eneo lake, fundi seremala kwa kiwango chake, mwashi kwa chake. Ili kujua kinachotawala, Wizara ya Kazi hukusanya taarifa kutoka kwa wakandarasi: ulikuwa na mafundi wangapi wa kila aina, uliwalipa nini kwa saa, na juu ya hapo ulichangia nini kwa bima ya afya na pensheni. Kujaza fomu ni hiari, na ugomvi unaanzia hapo. Wanaojaza si lazima wafanane na wasiojaza. Halafu viwango vikitofautiana, kipi kinatawala? Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa kwamba kama hakuna kiwango kinacholipwa kwa zaidi ya nusu ya mafundi, kinatosha kile kinacholipwa kwa angalau asilimia 30. Kanuni hiyo ikaondolewa miaka ya 1980 na wastani ukachukua nafasi yake, kisha mwaka 2023 ikarudishwa. Fomu hizohizo zikihesabiwa kwa kanuni mbili zinaweza kutoa mishahara miwili tofauti. Wanafunzi wangu husikitika kidogo wakifika hapa. Walidhani takwimu haina siasa.

Kwetu historia ni fupi zaidi lakini si tupu. Idara ya Kazi ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, na wasiwasi wake mkubwa ulikuwa manamba wa mashambani, si waashi wa mjini. Baada ya uhuru, mwaka 1962, bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth ilipendekeza kima cha chini kilichopandisha mishahara kwa kishindo, na waajiri wengi wakajibu kwa kupunguza vibarua. Miaka mitano baadaye, mwaka 1967, Profesa Turner aliyeletwa kupitia Shirika la Kazi Duniani aliandika ripoti iliyoishauri serikali ibane upandaji wa mishahara. Ukizisoma ripoti hizi mbili pamoja, utaona mabishano yetu ya leo karibu yote yamo humo.

Leo serikali ina milango miwili ya kupatia taarifa za mshahara. Mmoja ni wa mwajiri: Ofisi ya Taifa ya Takwimu huendesha utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi, ikizifuata taasisi zilizo kwenye rejista yake. Mwingine ni wa kaya: utafiti wa nguvukazi, uliofanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21, ambao hubisha hodi majumbani na kuuliza kila mtu alifanya kazi gani siku saba zilizopita.

Mlango wa mwajiri hauna budi kumkosa fundi ambaye hana ofisi. Mlango wa kaya humpata, ila unampata vibaya. Chukua fundi wa Nyasho, mjini Musoma. Katika nyumba moja huyohuyo anachimba msingi, anapandisha ukuta, anafunga renta, anapiga lipu, na kama hakuna seremala anapaua. Mdadisi atampa msimbo mmoja. Katika mpangilio wa kimataifa wa kazi, ambao wa kwetu umejengwa juu yake, mwashi wa matofali ni 7112, kibarua wa majengo ni 9313, na kibarua wa barabara, mitaro na kazi za aina hiyo ni 9312. Kijana aliyechimba mtaro wa bomba la mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, kisha akahamia kubeba tofali shuleni, amebadilisha msimbo bila kubadilisha sururu. Na zile siku saba? Zikiangukia wiki ambayo yuko Buhemba akitafuta dhahabu, au wiki ya kupanda, hatahesabiwa kuwa mtu wa ujenzi hata kidogo.

Hapo bado sijagusa utaratibu ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha somo hili mkoani Mara: fosi akaunti. Mwaka 2021, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ilielekezwa kwenye madarasa 15,000 nchini, kila moja likipangiwa shilingi milioni 20. Chini ya fosi akaunti hakuna kampuni ya ukandarasi. Mkuu wa shule anageuka msimamizi wa mradi, kamati ya ujenzi inasimamia, kamati ya manunuzi inanunua saruji na nondo, kamati ya mapokezi inahesabu mifuko, na fundi wa mtaani anapatana bei ya ufundi.

Tuseme ni darasa moja Butiama, na ufundi umepatanwa kwa milioni mbili na nusu. Fundi mkuu analeta mafundi wawili na saidia fundi wanne. Mkataba unataja hatua: msingi, kuta hadi renta, kupaua, lipu na sakafu. Hela inatoka hatua ikishakaguliwa. Saidia fundi hawezi kusubiri ukaguzi, kwa hiyo fundi mkuu anawalipa kwa siku kutoka mfukoni, na siku ya kumwaga jamvi anaongeza watu wa zege wanaodai chao jioni ileile. Mvua ikinyesha wiki nzima, au nondo zikichelewa kutoka Mwanza, faida ya fundi mkuu inaliwa. Kipato cha saidia fundi kinakatika palepale.

Sasa niambie mwajiri ni nani. Shule? Imepatana na mtu mmoja tu. Halmashauri? Imetuma fedha. Fundi mkuu? Hana daraja lolote katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa hiyo mistari mitatu ya Amri ya 2013 haikumtaja. Uliobaki ulikuwa mstari wa mwisho wa sekta zisizotajwa, shilingi 100,000. Mfanyakazi yuleyule, jengo la fedha za umma, na kima kilishuka hadi chini ya theluthi moja ya kile cha daraja la kwanza kwa sababu tu ya njia iliyotumika kununua kazi yake.

Sheria yenyewe haikuachia swali hili hewani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna na saa za kufanya kazi, anapewa vifaa na huyo anayemtumikisha, au amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa kipimo hicho saidia fundi wengi wa Bunda ni waajiriwa wa fundi mkuu, naye fundi mkuu huenda ni mwajiriwa wa mtu mwingine. Natamani madodoso yetu yaulize hivyo. Swali la "umeajiriwa au umejiajiri?" huleta majibu ya adabu tu, maana fundi gani atakubali mbele ya mgeni kwamba ni kibarua?

Mafao yana kizungumkuti chake. Katika ajira rasmi hesabu ni nyepesi: asilimia 20 ya mshahara kwenda NSSF, mwajiri akichangia angalau nusu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili ya ajali, likizo ya siku 28. Saiti ndogo ina mafao ya namna nyingine, na yote yamo kwenye daftari la fundi mkuu. Ukifunguliwa daftari kama hilo utakuta majina ya utani yakishuka upande wa kushoto, alama ya vema kwa siku iliyofanywa, mkwaju kwa aliyeondoka saa sita, herufi A penye advansi, na pembeni hesabu ya mama lishe. Ugali na dagaa wa mchana ni mshahara au si mshahara? Wengine hutaja ujira wao "na chakula", wengine "bila chakula", na ukiwachanganya katika wastani mmoja umeharibu kazi. Nauli ya bodaboda hadi Kiabakari nayo ni hivyohivyo. Ajali haina safu kwenye daftari. Aliyeanguka kwenye mirunda huchangiwa.

Kuna waliotangulia kulifanyia kazi jambo hili. Arthur Jason alichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya vibarua wa ujenzi wasio rasmi jijini Dar es Salaam na namna wanavyojipanga katika vikundi, na maandishi yake pamoja na Jill Wells ndiyo ninayoyapendekeza kwa anayeanza. Lakini Dar es Salaam si Mara. Kule kuna vijiwe vikubwa vya mafundi. Huku fundi anaitwa kwa simu na mtu anayeujua ukuta wake.

Ukitaka pa kuanzia, usianzie na dodoso. Fosi akaunti ni fedha ya umma, kwa hiyo mikataba ya ufundi, hati za malipo na mihtasari ya kamati hutakiwa kutunzwa kwa ajili ya wakaguzi. Manispaa ya Musoma, Wilaya ya Musoma, Mji wa Bunda, Wilaya ya Bunda na Butiama: halmashauri tano, kila moja na shule na zahanati zake, kila jengo na bei ya ufundi iliyoandikwa na kusainiwa kwa hatua. Omba kibali, soma mikataba ya shule moja, kisha mtafute fundi mkuu aliyesaini. Faili litakupa fedha iliyotoka. Siku zilizofanywa kazi na idadi ya watu utazipata kwake, kama daftari halijaishia jikoni.