Kapeti la gari limelowa na mvua haijanyesha? Kagua mpira huu kabla hujatoa pesa

Umetoka Kondele saa nane mchana, jua la Kisumu linachoma, vioo umepandisha na AC umeiweka mwisho. Unakata kona kuingia Kaloleni, na chwaa! Maji yanamwagikia miguu ya abiria aliyeketi mbele. Unagusa kapeti: chepechepe. Na mvua haijanyesha wiki nzima.

Kama gari ndilo linakulisha, hii ni noma. Abiria wa teksi ya apu akishuka na soksi zimelowa, nyota tano utazisikia tu kwa wenzako. Halafu ukimkimbilia fundi bila kujua lolote, huenda ukaambiwa, "Gesi imeisha, leta pesa tujaze." Gesi itajazwa, pesa itaenda, na kesho maji yatarudi palepale.

Basi tulia kwanza ujue maji haya yanatoka wapi.

Gari linatoka jasho

Weka soda baridi mezani pale Dunga. Baada ya dakika chache chupa itakuwa imejaa matone. Soda haijavuja, ni unyevu wa hewa uliogusa kitu baridi ukageuka maji. Ndani ya dashibodi yako kuna kifaa kama rejeta ndogo kinachoitwa evapoleta. Gesi ya AC hukifanya kiwe baridi sana, feni ikapuliza hewa kupitia kwacho, nacho kikatoka jasho. Sisi tunaoishi kando ya ziwa, hewa yetu imejaa unyevu, kwa hivyo jasho lenyewe ni jingi.

Jasho hilo hudondokea kwenye trei, kisha hutoka nje kupitia mpira mwembamba unaopenya ukuta ulio kati ya injini na mnapoketi. Ndiyo maana gari lililokuwa na AC huacha kidimbwi chini likiegeshwa. Usishtuke ukikiona, hicho ni dalili njema. Siku ya joto AC imewaka muda mrefu na chini ni pakavu, jua maji yamekosa njia. Trei hujaa, na ukipiga breki au ukikata kona, yanamwagika ndani.

Kinachoziba ni vumbi, majani yaliyooza na wadudu. Kwa nje, tope nalo hufanya kazi yake: ukipita njia za udongo mweusi wa Kano wakati wa mvua, unaweza kurudi na mdomo wa mpira umekandikwa.

Hakikisha ni maji

Panguza kapeti kwa tishu nyeupe. Maji ya AC hayana rangi wala utelezi. Ukiona rangi ya kijani au nyekundu, harufu tamutamu na utelezi, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta, hiyo ni kulanti ya injini inayovuja kwenye heta. Usiendelee kuendesha hivyo. Injini inaweza kuchemka. Peleka gari kwa fundi.

Kapeti likilowa hata siku ambazo AC imezimwa, hasa baada ya mvua au kuoshwa, basi shuku mpira wa kioo cha mbele, raba za milango, au majani yaliyoziba njia za maji chini ya waipa.

Kazi yenyewe

Zima injini na uiache ipoe. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja. Tumia stendi imara au shimo la gereji.

Tafuta mpira mfupi uliopinda ukielekea chini, karibu na ukuta wa injini. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoendesha hapa uko upande wa kushoto. Ubonyeze taratibu kwa vidole ili tope litoke. Bado? Ingiza mrija laini wa plastiki kidogo kidogo. Usitumie waya mgumu: ukitoboa evapoleta, gesi itatoroka na gharama itapanda mara nyingi. Usipulize upepo wa kompresa kwa nguvu pia, kwani mpira unaweza kuchomoka ndani ya dashibodi. Geuza uso pembeni, maana maji machafu yanaweza kukurukia ghafla.

Yakishatoka, washa injini na AC kwa dakika kumi hivi. Ukiona matone chini, umemaliza.

Kisha fungua droo ya dashibodi. Nyuma yake, katika magari mengi, kuna filta ya hewa. Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8, na huenda filta ya gari lako haijabadilishwa tangu litoke Japani. Ikijaa uchafu, hewa hupungua na evapoleta inaweza kuganda barafu, ambayo huyeyuka baadaye na kumwaga maji. Gesi ikipungua pia barafu hutokea. Kwa hivyo fundi akitaja gesi, mwambie aipime kwa geji mbele yako kabla ya kujaza.

Usiache kapeti hivyo

Wengi huishia kwenye mpira. Lakini chini ya kapeti kuna sponji inayoshika maji siku nyingi, na katika magari kadhaa nyaya hupita papo hapo. Ukiiacha, utapata kutu, hitilafu za umeme na ukungu wenye harufu ya soksi za wiki mbili. Mwenye pumu atateseka humo ndani. Inua kapeti, kamua sponji, acha milango wazi juani hadi ikauke kabisa.

Ukiona kazi ya chini ya gari hujiwezi, sawa, mwachie fundi. Ila usimwambie "AC imeharibika." Mwambie, "Buda, nizibulie mpira wa maji ya AC." Hapo bei mtaielewana vizuri.